Baron aliyeigeuza chupa ya mvinyo kuwa ukumbi wa sanaa

WATALII wanaofika Pauillac, mji mdogo ulio kando ya maji ya Gironde kusini magharibi mwa Ufaransa, huwa na mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni mvinyo, ambao umelipa eneo hilo la Médoc sifa kwa karne kadhaa. La pili ni sanaa, hasa kazi za mastadi wa karne ya 20 wa hadhi ya Joan Miró, Marc Chagall na Andy Warhol, zilizohusishwa na shamba moja linalofahamika kama Château Mouton Rothschild.

Siku hizi si ajabu kupata shamba la mizabibu lenye hifadhi ya sanaa ya kisasa. Katika jimbo la Provence, vilima vya Château La Coste vimesimamishwa sanamu na majengo ya wasanii mashuhuri. Nchini Argentina, shamba la Colomé lina makavazi ya kazi za mwanga za Mmarekani James Turrell, yaliyofunguliwa mwaka wa 2009. Huko Napa, California, Mswisi Donald Hess aliufungulia umma milango ya hifadhi yake mnamo 1989. Hata barani Afrika, mgeni anayezuru Delaire Graff karibu na Stellenbosch, Afrika Kusini, hupokelewa na michoro na sanamu kabla hajaonja chochote.

Hata hivyo, muda mrefu kabla ya hao kuwaza hivyo, kulikuwa na mtu mmoja aliyeamini kwamba mkulima wa zabibu na mchoraji ni ndugu wa kazi moja. Mtu huyo ni Baron Philippe de Rothschild, aliyeaga dunia mwaka wa 1988 baada ya kulisimamia shamba la Mouton kwa zaidi ya miaka 60. Maisha yake yana mafunzo hata kwa msomaji ambaye hajapata kuonja tone la mvinyo, wala hana nia ya kuonja.

Philippe alizaliwa jijini Paris mnamo Aprili 13, 1902, katika ukoo ambao jina lake lilikuwa sawa na utajiri. Wazee wake walikuwa mabwanyenye wa benki waliosambaa katika miji mikuu ya Ulaya. Babaye, Henri de Rothschild, alikuwa daktari ambaye pia aliandika tamthilia. Philippe mwenyewe alikuwa kitinda mimba, na katika familia za aina hiyo kitinda mimba mara nyingi huachiwa kile ambacho wakubwa hawakukitaka.

Kilichoachwa na wakubwa kilikuwa shamba. Mnamo 1853 Nathaniel de Rothschild, wa tawi la Uingereza la ukoo huo, alinunua shamba la Brane-Mouton kwenye mnada na kulipa jina lake. Warithi waliomfuata hawakulijali sana. Waliishi Paris, wakawaachia wasimamizi kazi, nao wakapokea mapato na kuendelea na shughuli zao.

Ila kulikuwa na jeraha ambalo shamba hilo lilikuwa nalo. Mwaka wa 1855, miaka miwili tu baada ya Nathaniel kulinunua, Napoleon III aliandaa maonyesho makubwa jijini Paris, na madalali wa Bordeaux wakatakiwa kuipanga mivinyo ya eneo lao kwa madaraja. Walitumia kigezo cha bei. Mashamba manne, yaani Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion, yalitiwa katika daraja la kwanza. Mouton ikawekwa katika daraja la pili.

Orodha hiyo haikukusudiwa kudumu milele, lakini ilidumu. Miongo ikapita, wamiliki wakafa na wengine wakauza, mashamba mengine yakazorota na mengine yakastawi, ila madaraja yakabaki yalivyokuwa kana kwamba yalichongwa kwenye jiwe. Ikumbukwe kwamba Lafite lenyewe lilinunuliwa na tawi jingine la Rothschild mnamo 1868. Kwa hivyo binamu walikuwa wakipakana, mmoja akiwa wa kwanza na mwingine wa pili.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoitishia Paris, kijana Philippe alipelekwa Pauillac kwa usalama wake. Huko hakukuwa na starehe za jiji, lakini alijifunza kuwapenda watu wa mashambani na udongo wao. Mnamo 1922, akiwa na umri wa miaka 20, alikabidhiwa shamba ambalo hakuna mwingine nyumbani aliyelililia.

Wengi walidhani atachoka upesi. Badala yake, alianza na jambo lililowaudhi wafanyabiashara wakubwa wa Bordeaux. Desturi ya wakati huo ilikuwa kwamba mwenye shamba huuza mvinyo wake ukiwa mchanga, ndani ya mapipa. Wafanyabiashara ndio walioutunza katika maghala yao, wakautia chupani na kuuza. Njiani humo mengi yangeweza kutokea, yakiwemo kuchanganya mvinyo wa sifa na ule wa bei ya chini, na mkulima asiwe na la kufanya.

Mnamo 1924, akiwa na miaka 22, Philippe aliamua kwamba mavuno yote ya Mouton yatiwe chupani pale pale shambani. Aidha, aliwashawishi wenye mashamba mengine makubwa wamfuate. Leo jambo hilo ni la kawaida mno hivi kwamba ni vigumu kuelewa jinsi lilivyokuwa mapinduzi. Kwa mara ya kwanza mkulima alichukua dhamana ya mali yake kuanzia mzizi hadi kizibo.

Uamuzi huo ulizaa mahitaji mawili. La kwanza lilikuwa nafasi. Mapipa ambayo zamani yaliondoka mapema sasa yalipaswa kukaa. Philippe akamwita Charles Siclis, msanifu majengo wa Paris, ambaye mnamo 1926 alimjengea ghala lenye urefu wa mita 100. Mapipa yalipangwa humo safu kwa safu, na mwanga ukapangwa kwa ustadi hivi kwamba anayeingia hujihisi yuko mbele ya jukwaa la tamthilia. Ghala hilo, Grand Chai, lingali kivutio kwa wageni.

Hitaji la pili lilikuwa sura. Ikiwa chupa inatoka kwa mkulima mwenyewe, basi karatasi iliyobandikwa juu yake ni sawa na sahihi yake. Ndipo Philippe akamwendea Jean Carlu, msanii kijana aliyekuwa akichora mabango ya matangazo, amchoree lebo ya mavuno ya 1924. Carlu alichora kichwa cha kondoo dume kwa mtindo wa kisasa wa mistari na maumbo makavu. Neno 'mouton' kwa Kifaransa ni kondoo, na tangu hapo kondoo dume amekuwa alama ya nyumba hiyo.

Lebo hiyo haikupokelewa vyema. Wateja wa mvinyo wa gharama walizoea maandishi ya heshima na picha ya kasri, si mchezo wa wasanii wa mjini. Philippe akaliweka wazo lake kando. Hakulitupa.

Isidhaniwe kwamba katika miaka hiyo alikuwa mkulima tu. Mnamo Aprili 14, 1929, siku moja baada ya kutimiza umri wa miaka 27, alishiriki mashindano ya kwanza ya magari ya Monaco Grand Prix akiendesha Bugatti, na akamaliza wa nne. Alijiandikisha kwa jina la Georges Philippe ili asitambulike. Mwaka huo huo ukumbi wa tamthilia wa Pigalle, uliojengwa na Siclis kwa pesa za babaye, ulifunguliwa jijini Paris naye akiwa miongoni mwa waliousimamia. Baadaye alitayarisha filamu ya Lac aux dames, iliyotolewa 1934.

Mwaka wa 1930 ulileta mavuno mabaya. Philippe alikataa kuyauza kwa jina la Mouton. Alitafuta jina jingine, Mouton Cadet, akauza kwa bei nafuu. 'Cadet' ni mtoto mdogo wa familia, nalo lilikuwa fumbo kuhusu mwenyewe aliyezaliwa mwisho. Jina lililobuniwa ili kuokoa mwaka mbovu lilikuja kuuzwa katika nchi nyingi za dunia.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na hapo ndipo maisha ya bwanyenye huyu yalipopasuka. Ufaransa iliposhindwa mnamo 1940, serikali ya Vichy iliyoshirikiana na Wanazi ilimfuata kwa sababu alikuwa Myahudi. Ilimvua uraia, ikamtia kizuizini na kulitwaa shamba lake. Alipoachiliwa mwaka wa 1941 alipenya hadi Uingereza, akajiunga na wapiganaji wa Ufaransa Huru waliokuwa chini ya Jenerali Charles de Gaulle. Alirejea nyumbani akiwa na nishani ya Croix de Guerre.

Nyumbani hapakuwa kama alivyopaacha. Mkewe, Élisabeth Pelletier de Chambure, aliyemwoa mnamo 1934, alikuwa amebaki Ufaransa. Hakuwa Myahudi, alizaliwa katika familia ya Kikatoliki, na wakati huo yeye na mumewe walikuwa wametengana. Lakini jina la Rothschild lilitosha. Polisi wa Gestapo walimkamata, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Ravensbrück, na huko akafa mnamo Machi 1945, wiki chache kabla ya kambi hiyo kukombolewa. Binti yao Philippine, aliyekuwa bado mtoto, alinusurika.

Mwaka huo huo wa 1945, kana kwamba ardhi nayo ilitaka kusema neno, mizabibu ya Bordeaux ilizaa mavuno ambayo wajuzi huyahesabu miongoni mwa bora zaidi ya karne nzima. Yalikuwa machache kwa sababu ya baridi kali ya majira ya machipuko, lakini ubora wake haukuwa na kifani.

Philippe akalirudia lile wazo aliloliweka kando miaka 21 awali. Alimwomba msanii kijana, Philippe Jullian, aipambe lebo ya mavuno ya 1945 kwa herufi V, ishara ya ushindi ambayo Waziri Mkuu wa Uingereza, Winston Churchill, alikuwa ameifanya ijulikane kote. Anayeitazama lebo hiyo leo huona furaha ya taifa lililokombolewa. Anayeyajua maisha ya mwenye shamba hukumbuka pia mama wa binti yake, ambaye ushindi huo ulimkuta kaburini.

Tangu hapo Mouton haikurudi nyuma. Kila mwaka msanii mmoja huombwa kuchora picha ya kuwekwa sehemu ya juu ya lebo. Mwanzoni walikuwa watu waliokuwa karibu na ulimwengu wa Philippe wa tamthilia na fasihi, kama vile Jean Hugo mwaka wa 1946 na Jean Cocteau mwaka wa 1947. Mnamo 1955 alikubali Georges Braque, mmoja wa waasisi wa mtindo wa kubisti, na mlango ukafunguka kwa majina makubwa. Salvador Dalí alichora lebo ya 1958, Henry Moore ya 1964, Miró ya 1969, Chagall ya 1970 na Warhol ya 1975.

Malipo yao hayakuwa fedha. Msanii alipewa masanduku ya mvinyo, mengine ya mwaka uliobeba picha yake na mengine ya miaka iliyokomaa. Hakuamriwa la kuchora, ingawa wengi walirudia mambo matatu: mzabibu, furaha ya kunywa pamoja, na yule kondoo dume.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakosoaji wa Baron walimtupia msemo huo, kwamba kama mvinyo wake ulikuwa mzuri haukuhitaji kuvishwa mapambo. Na kwa kweli si rahisi kuwapuuza. Wapo wanunuzi ambao hutafuta lebo za Mouton za kila mwaka ili kukamilisha mkusanyiko, na kwa sababu hiyo hata mavuno ya miaka dhaifu hupata bei ambayo kilichomo ndani ya chupa pekee hakingeipata. Philippe alikuwa msanii kwa moyo, lakini pia alikuwa mfanyabiashara, na hakuwahi kuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana.

Mgala muue na haki yake mpe. Kwa njia hiyo, kazi ya mchoraji wa kisasa ilifika kwenye meza ya chakula ya watu ambao huenda hawangekanyaga ukumbi wa maonyesho. Isitoshe, aliyefungua chupa na kukuta mvinyo mbovu hangeinunua tena kwa ajili ya picha. Ndiyo maana Philippe aliwekeza shambani kwa bidii ile ile aliyowatafutia wachoraji.

Mwaka wa 1954 alioa mara ya pili. Mkewe, Pauline Fairfax Potter, alikuwa Mmarekani aliyezaliwa Paris na aliyejipatia jina New York kama mbunifu wa mavazi. Pauline alikuwa na jicho kali la kutambua kitu kizuri, na kwa pamoja walianza safari ndefu za kusaka vitu vya sanaa vilivyohusiana na zabibu na mvinyo. Walinunua vikombe vya dhahabu na fedha vya mafundi wa Ujerumani, vyombo vya kauri kutoka Mashariki, mazulia ya kutundikwa ukutani, sanamu na michoro ya kale na ya wakati wao.

Vitu hivyo viliwekwa katika ghala la zamani la mapipa, ambalo liligeuzwa kuwa makavazi ya mvinyo katika sanaa. Yalifunguliwa mnamo 1962 na André Malraux, mwandishi aliyekuwa Waziri wa Utamaduni wa Ufaransa. Huo ndio mwanzo wa Mouton kuwa mahali pa kuzuriwa na watu ambao hawakwenda kununua mvinyo. Pauline alifariki mwaka wa 1976, lakini mpangilio wa makavazi hayo ungali unabeba alama ya mkono wake.

Wakati huo wote jeraha la 1855 halikuwa limepona. Kwa takriban miaka 20 Philippe alibisha hodi katika ofisi za serikali na kuwabembeleza wamiliki wenzake. Hoja yake ilikuwa rahisi: ikiwa kigezo kilikuwa bei, basi mvinyo wa Mouton ulikuwa umeuzwa kwa bei ya wale wanne kwa miongo mingi. Upinzani haukukosekana, hata kutoka kwa jamaa zake wa Lafite, maana aliye kileleni hapendi kusogezwa.

Subira huvuta heri. Mnamo Juni 1973 Waziri wa Kilimo, Jacques Chirac, ambaye baadaye alikuja kuwa rais, alitia sahihi agizo la kuipandisha Mouton hadi daraja la kwanza. Ilikuwa miaka 118 baada ya madaraja kupangwa, na hadi leo hakuna shamba jingine lililopandishwa daraja katika orodha hiyo. Philippe alikuwa na umri wa miaka 71.

Lebo ya mwaka huo ilihitaji picha yenye uzito wa tukio lenyewe. Pablo Picasso alikuwa ameaga dunia mnamo Aprili 1973. Philippe alichagua mchoro wa Picasso wa 1959 unaoonyesha watu wakicheza kwa furaha ya mvinyo, ambao tayari ulikuwa katika makavazi ya Mouton. Kwa hivyo chupa moja ilibeba heshima mbili: ya shamba lililopanda na ya mchoraji aliyeondoka.

Uzeeni hakutulia. Aliungana na Mmarekani Robert Mondavi kuanzisha Opus One huko Napa, ubia ambao mavuno yake ya kwanza yalikuwa ya 1979. Wakati ambapo Wafaransa wengi waliudharau mvinyo wa California, mwenye shamba la daraja la kwanza la Bordeaux kukubali kuweka jina lake pale kulikuwa tangazo kwamba dunia imebadilika. Vilevile aliendelea kuandika mashairi na kutafsiri kwa Kifaransa tamthilia za Waingereza, zikiwemo za Christopher Marlowe na Christopher Fry. Mnamo 1984 yalichapishwa maisha yake, aliyoyaandika kwa ushirikiano na mwelekezi wa tamthilia wa Uingereza, Joan Littlewood.

Baron Philippe alifariki Paris mnamo Januari 20, 1988, akiwa na umri wa miaka 85. Mrithi wake alikuwa Philippine, yule mtoto aliyenusurika vita. Philippine alikuwa mwigizaji katika Comédie-Française, na kwa damu ya babaye hakuona umbali mkubwa kati ya jukwaa na shamba. Tangu 1981 alikuwa akisimamia maonyesho ya kazi asilia za lebo yaliyozunguka katika miji ya nchi mbalimbali.

Chini ya Philippine desturi ya lebo ilikumbana na mtihani. Lebo ya 1993, iliyokuwa na mchoro wa Balthus wa msichana aliye uchi, ilizua malalamiko Marekani. Chupa zilizopelekwa huko zikauzwa zikiwa na nafasi tupu mahali pa picha. Mnamo 2013 alizindua jengo jipya la matangi ya kuchachushia mvinyo, pamoja na ukumbi wa kudumu wa kazi zilizochorwa kwa ajili ya lebo. Aliaga dunia Agosti 2014, na lebo ya mwaka huo ilichorwa na Mwingereza David Hockney kwa kumbukumbu yake. Watoto wake watatu wakaupokea urithi.

Kwa wasomaji wa bara hili, jina la kutajwa ni William Kentridge wa Afrika Kusini, aliyechora lebo ya 2016. Msanii aliyejulikana kwa michoro ya makaa inayosimulia historia chungu ya nchi yake aliingia katika orodha moja na Braque na Miró. Kabla na baada yake walikuwapo wasanii wa Japani, China, Korea na India. Wazo la bwanyenye wa Paris limekuwa kongamano la mataifa.

Mgeni anayetaka kujionea hayo hana budi kuweka miadi mapema, kwa kuwa Mouton si mahali pa kuingia ovyo. Pauillac iko umbali wa takriban kilomita 50 kaskazini mwa jiji la Bordeaux, na njia nzima imezungukwa na mizabibu. Ziara humpitisha kati ya mapipa ya Siclis, ukumbi wa lebo na makavazi ya Pauline. Akifika kwenye chupa ya 1945 na ile herufi V, asimame kidogo.

Baron Philippe alirithi mali ambayo hakuitolea jasho, na si haki kumsimulia kama maskini aliyejikwamua. Lakini wapo wengi waliorithi zaidi yake na hawakuacha chochote cha kutazamwa. Yeye alipokea shamba lililodharauliwa, akalilinda lisichakachuliwe, akalipigania hadi likapata haki yake, kisha akakaribisha watu wa rangi na kalamu waje kulipamba. Kila mwaka, zabibu zinapochumwa Pauillac, mahali fulani duniani kuna msanii anayetafakari atachora nini ndani ya mstatili ule mdogo juu ya chupa.